Ushahidi Tulioutupa Jaani

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa mtunza uwanja wa shule niliyoifundisha kwa miaka mingi hapa Magongo. Nilimkuta barazani kwake, amejifunika shuka ilhali jua la Changamwe lilikuwa likiwaka, na shingo yake imevimba upande mmoja. Madaktari wamemwambia kuwa ana saratani ya tezi za limfu. Tulijuliana hali, tukanywa chai, tukakumbushana habari za wanafunzi wa zamani. Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo halijanipa usingizi.

"Mwalimu, wewe ndiwe msomi wetu. Ile dawa ya majani niliyokuwa nikiipiga kule shuleni, yawezekana ndiyo iliyonitia haya? Na kama ndiyo, yuko wa kumshtaki?"

Nilinyamaza, wala si kwa kukosa maneno. Ni kwa sababu miaka hiyo mimi ndimi niliyesimamia kamati ya mazingira ya shule. Mimi ndimi niliyetia sahihi fedha za kununulia dawa hiyo. Ililetwa katika chupa ya soda ya lita mbili, haina kibandiko, haina jina la mtengenezaji wala maelezo ya matumizi. Mzee aliichanganya kwa mikono mitupu, akaibeba mgongoni katika bomba lililokuwa likivuja, naye amevaa ndara. Alipomaliza, chupa zilitupwa jaani zikachomwa pamoja na karatasi za mitihani ya zamani. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka dirisha la chumba cha walimu, na nilifurahi kuona uwanja umekuwa safi.

Ndugu msomaji, nimeona swali la mzee huyu si lake peke yake. Dawa za kuua magugu hupigwa katika viwanja vya shule, kandokando ya reli, katika mashamba ya bara na ya pwani. Wanaozipiga kwa kawaida ni watu wa mshahara mdogo wasio na wa kuwasemea. Kwa hiyo nimefanya ambalo mwalimu hulifanya anapoulizwa swali asilolijua: nimekwenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, pamoja na rai yangu.

Kesi iliyoifanya dunia ilizungumze jambo hili, kwa sadfa, ni ya mtunza uwanja wa shule. Dewayne Johnson alianza kazi mwaka wa 2012 katika shule za mji wa Benicia, katika jimbo la California, Marekani. Kazi yake ilikuwa pamoja na kunyunyiza dawa za kuua magugu zenye kemikali ya glaifoseti, zilizotengenezwa na kampuni ya Monsanto. Mwaka wa 2014 aligunduliwa kuwa na saratani ya aina ya limfoma. Aliishtaki kampuni hiyo, na kwa kuwa madaktari walikuwa wamesema hana siku nyingi za kuishi, kesi yake ilitangulizwa mbele ya nyingine. Agosti 2018, baraza la wazee wa mahakama mjini San Francisco lilisema kwamba kampuni haikumwonya ipasavyo juu ya hatari, likaamuru alipwe dola milioni 289. Jaji akapunguza kiasi hicho hadi dola milioni 78, na mwaka wa 2020 mahakama ya rufaa ikakishusha hadi dola milioni 20.5. Mwaka huo huo kampuni ya Bayer ya Ujerumani, iliyokuwa imeinunua Monsanto mwaka wa 2018, ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 10 ili kupatana na maelfu ya wadai wengine, bila ya kukiri kosa.

Haifai, hata hivyo, mwalimu aliyesoma habari hii akimbilie darasani kutangaza kwamba dawa ya magugu huleta saratani na mjadala umekwisha. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Machi 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani kwa upande wake imeshikilia kwamba haielekei kusababisha saratani ikitumiwa kama ilivyoelekezwa, na mwaka wa 2023 Jumuiya ya Ulaya iliiruhusu kwa miaka 10 zaidi. Kampuni husika inasema dawa yake ni salama. Mtu aliye mkweli hulisema lote hilo. Lakini mkweli huyo huyo atasema pia kwamba ubishi wa wataalamu haumwondolei mgonjwa haki ya kusikizwa mahakamani. Mahakama hazingoji mpaka wataalamu wote duniani wakubaliane. Kazi yake ni kupima ushahidi uliowekwa mbele yake.

Je, hapa kwetu Kenya mgonjwa kama mzee wangu atapimiwa vipi? Katika kesi za madai, mdai hahitaji kuondoa kila shaka kama inavyotakiwa katika kesi ya jinai. Humtosha kuonyesha kwamba jambo analolidai lina uwezekano mkubwa kuliko kutokuwapo kwake. Lakini hata mizani hiyo ina mawe yake. Kwanza, aonyeshe kwamba kemikali hiyo inaweza kuleta saratani ya aina aliyo nayo. Pili, aonyeshe kwamba kwake yeye, na si kwa binadamu kwa jumla, ndiyo iliyoileta, wala si sigara, urithi wa ukoo au maradhi mengine. Tatu, aonyeshe nani aliyeitengeneza, nani aliyeiuza, na kwamba mtu huyo alikuwa na wajibu wa kumwonya au kumkinga akashindwa kuutimiza. Hapo ndipo chupa ya soda isiyo na kibandiko inapogeuka kuwa msiba. Utamshtaki mtengenezaji gani, ilhali hujui jina lake?

Tena glaifoseti haikai mwilini. Hutoka kwa mkojo baada ya siku chache. Mgonjwa anayekwenda hospitali miaka kumi baadaye hana cha kuonyesha katika damu yake. Ushahidi wake wote ni karatasi na kumbukumbu: risiti ya duka, kibandiko cha chupa, daftari la siku alizopiga dawa, maelezo ya waliomwona, cheti cha daktari. Sisi wa shule, ambao kazi yetu ni kuandika na kuhifadhi, ndio tusiokuwa na hata kimoja katika hivyo.

Jiwe jingine ni wakati. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, humpa mtu aliyedhuriwa kwa uzembe miaka mitatu ya kushtaki. Miaka mitatu yamtosha aliyegongwa na gari pale Magongo Road, kwani mguu uliovunjika huonekana siku ile ile. Saratani haiji hivyo. Yaweza kujificha miaka kumi au ishirini kabla ya kujitokeza. Wabunge waliliona hilo, na kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinaruhusu mahakama kuongeza muda iwapo mdai hakuwa akijua mambo ya msingi yanayohusu madai yake. Lakini akishayajua, hupewa mwaka mmoja tu. Fikiri, msomaji: mwaka ambao mtu ametoka kuambiwa ana saratani, anatafuta nauli ya kwenda hospitali, anauza mbuzi ili anunue dawa, ndio mwaka ambao sheria yamtaka atafute wakili na mtaalamu wa sumu. Akifa kabla ya kushtaki, jamaa zake wana njia yao chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, nayo pia ina miaka mitatu tangu siku ya kifo. Wangapi katika mtaa wetu wanalijua hilo?

La tatu ni fedha. Marekani wakili huweza kuichukua kesi ya mgonjwa bila ya kulipwa senti moja, akangoja ashinde ndipo akate sehemu yake. Ndiyo maana maelfu ya watu wa kawaida waliweza kusimama mbele ya kampuni kubwa. Kwetu, Sheria ya Mawakili, katika kifungu cha 46, inabatilisha mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Makusudio yake yalikuwa mema, kuwazuia mawakili wasigeuze mahakama kuwa mnada. Matokeo yake lakini ni kwamba maskini mwenye haki humkuta wakili akiuliza ada, na mtaalamu wa maabara akiuliza ada, kabla karatasi ya kwanza haijafika kwa karani wa mahakama. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016, lakini kutoka kitabu cha sheria hadi baraza ya mgonjwa wa Magongo ni mwendo mrefu.

Baada ya kusoma yote hayo nilikata tamaa. Kisha nikakumbuka kwamba jawabu moja liko jirani yetu kabisa. Ukitoka Magongo kuelekea Mikindani, safari fupi ya matatu, utafika karibu na kijiji cha Owino Uhuru, katika eneo la Jomvu ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Changamwe. Hapo mwaka wa 2007 kilianza kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari. Moshi uliingia nyumbani mwa watu na maji machafu yakapita mlangoni. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa. Mwaka wa 2014 kiwanda kikafungwa, na mwaka wa 2015 yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kufungwa kwa kiwanda hakukuwa ndio mwisho. Mwaka wa 2016 wakazi walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Julai 2020 mahakama hiyo iliamua kwamba haki yao ya kuishi katika mazingira safi ilikuwa imevunjwa, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, tena kijiji kisafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kukisafisha. Sehemu kubwa kabisa ya lawama, asilimia 40, haikuwekwa juu ya kiwanda bali juu ya mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, NEMA, iliyopaswa kuwalinda watu. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile na kutaka ikadiriwe upya. Wakazi hawakukubali. Wakapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo Desemba 2024 ikarejesha uamuzi wa kwanza.

Risasi si dawa ya magugu, na sumu ya risasi si saratani. Lakini njia waliyoipita majirani zetu ndiyo ninayotaka walimu na wanafunzi waitazame. Hawakwenda mmoja mmoja kwa kesi ya uzembe. Walikwenda kwa mlango wa Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, wala hakimlazimishi kuthibitisha kwanza kwamba yuko aliyeumia. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi, na kinasema asitozwe ada ya kuifungua kesi ya haki za msingi. Kwa maneno mengine, Katiba imelegeza mafundo kadhaa ambayo sheria za zamani ziliyakaza.

Hata hivyo mlango wa Katiba nao hufunguliwa kwa ushahidi. Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo. Walikuwa na barua walizoandika, zenye tarehe, na majibu waliyopewa au kunyimwa. Walikuwa na kiwanda kilichosimama mahali panapojulikana, chenye jina. Mtu alikuwa ameandika na kuhifadhi. Laiti wangalinyamaza mpaka kila mmoja awe kitandani, wasingalifika popote.

Nimekusudia pia kusema lililo chungu kwetu sisi wa shule. Mzee wangu hakuipiga dawa kwenye shamba lake, aliipiga kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeshika vitu vya kudhuru mavazi ya kumkinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inatambua kwamba maradhi yatokanayo na kazi ni ya kufidiwa, na madai hupelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini badala ya mahakamani. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kuulizwa si tajiri wa Marekani au Ujerumani. Ni mwajiri, yaani shule, na ndani ya shule ni mimi niliyetia sahihi. Ni rahisi kuikemea kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Kuikemea sahihi yako mwenyewe ni jambo zito.

Najua wako watakaonipinga. Watasema: mkulima wa Kitale au wa Kwale hawezi kulima ekari tano kwa jembe la mkono, na dawa ya magugu imempunguzia mgongo kuuma. Ni kweli, wala sitaki apokonywe. Watasema pia kwamba tukifungulia kesi za namna hii, kila mwenye maradhi atamtafuta wa kumlipa. Hofu hiyo ina msingi, lakini jawabu lake ni mahakama yenyewe: madai yasiyo na ushahidi huanguka. Asiye na hatia ananufaika na kumbukumbu zilizo safi sawasawa na aliyedhuriwa. Daftari likionyesha kwamba mtu alipiga dawa mara mbili tu, tena amevaa glavu na viatu vya mpira, mwajiri na mtengenezaji wanalo la kujitetea.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza ni letu, wala halihitaji bunge. Kila shule iwe na daftari la kemikali: jina la dawa, mtengenezaji, duka, tarehe, aliyeipiga, na mavazi aliyovaa. Dawa yoyote iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji ikataliwe mlangoni. Kibandiko ndicho onyo, na muuzaji anayekiondoa amemwondolea mtumiaji haki yake ya kujua, ambayo Katiba inaitaja katika kifungu cha 46 kinachohusu wanunuzi. Wanafunzi wa kemia na wa kilimo wapewe kazi ya kulitunza daftari hilo. Watajifunza zaidi humo kuliko katika kurasa nyingi za kukariri.

La pili ni la bunge. Mwaka mmoja anaopewa mgonjwa baada ya kujua chanzo cha maradhi yake ni mfupi mno kwa ugonjwa kama saratani. Uongezwe ufike angalau miaka mitatu, ili aliyejua jana asihesabiwe sawa na aliyelala.

La tatu ni la serikali na chama cha mawakili pamoja. Ama mapatano ya kulipwa baada ya ushindi yaruhusiwe, yakiwekewa kiwango cha juu ambacho wakili hawezi kukipita, ama msaada wa kisheria utengewe fungu la kuwalipa wataalamu wa maabara na wa tiba. Haki isiyo na mtaalamu wa kuieleza mbele ya jaji hubaki kuwa hadithi. Tena sheria inayozuia mali ya serikali isikamatwe kwa sababu ya deni la hukumu itazamwe upya, maana kushinda kesi ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine.

Juma lililopita nilirudi kwa yule mzee. Nilimwambia ukweli: kwamba sijui kama dawa ile ndiyo iliyomtia maradhi, na kwamba hata mabingwa hawakubaliani, kwamba hatuna chupa, risiti wala jina la mtengenezaji, kwamba kumshtaki aliyeitengeneza ni vigumu sana, lakini njia ya kudai fidia kwa mwajiri yafaa kujaribiwa, na saa inakwenda. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akaniuliza, "Na shahidi je, mwalimu? Nani atasema kwamba niliipiga?"

Nilikuwa nimekuja na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika yote niliyoyakumbuka: miaka, mihula, mahali duka lilipokuwa, chupa ya soda, mikono mitupu, ndara, na jina la aliyeidhinisha fedha. Nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka lile jina. Nikatia sahihi mbele yake na mbele ya mwanawe. Ni sahihi yangu ya pili juu ya jambo hili, na natumai haitachomwa jaani kama ilivyochomwa ile ya kwanza.